Foleni Mlangoni pa Duka la Vitabu

Watu wamezoea foleni za kila namna. Kuna foleni ya mshahara mwisho wa mwezi, kuna foleni ya dawa hospitalini, na wazee hawajasahau foleni za sukari, sabuni na unga. Katika foleni hizo hakuna haja ya kumwuliza mtu amefuata nini, kwa kuwa kikapu alichoshika kinajibu. Lakini ipo foleni moja ambayo mpita njia huitazama akashangaa, nayo ni ile inayopangwa mlangoni pa duka la vitabu siku mwandishi mashuhuri anapokuja. Kitabu chake kilikuwa rafuni jana, na kesho kitakuwapo tena kwa bei ile ile. Hata hivyo watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, husimama juani tangu asubuhi wakikumbatia kitabu ambacho pengine wamekwisha kukisoma mara mbili.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mwandishi huketi nyuma ya meza. Msaidizi wa duka hupita kwenye mstari akigawa vijikaratasi, kila mtu aandike jina lake kwa herufi za kusomeka, ili pale mezani pasipotee wakati. Kitabu hufunguliwa mapema kwenye ukurasa wa kutia sahihi. Anayefika mbele hupata dakika moja, au nusu yake. Usiku kucha alikuwa akipanga maneno atakayosema. Sasa maneno hayo yamemtoroka, naye husema tu kwamba amekipenda sana kitabu. Mwandishi hushukuru, kalamu hukwaruza karatasi, na wa nyuma amekwisha kusogea. Mwaka 2006 mwandishi wa Kanada, Margaret Atwood, aliyechoshwa na safari za namna hiyo, alionyesha mtambo wenye mkono wa chuma uliomwezesha mwandishi kutia sahihi kitabu kilicho ng'ambo ya bahari, huku yeye na msomaji wakionana kwenye kioo cha televisheni. Ulikuwa mtambo wa busara. Foleni za watu wanaotaka kumwona mwandishi mwenyewe hazikwisha.

Msomaji anayetaka kujua ndani ya foleni hiyo mna nini hasa, na nani anamdai nani, atafanya vyema kurudi nyuma hadi kwa Charles Dickens, Mwingereza aliyepangiwa mistari nchini Marekani mara mbili, na mara zote mbili ikamgharimu.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1842. Dickens alifika Boston mwezi Januari pamoja na mkewe Catherine, hali hajatimiza miaka 30. Watoto wao wanne, mkubwa akiwa na miaka mitano tu, walikuwa wameachwa London. Vitabu vyake vilikuwa vimemtangulia, na hakuna nyumba ya Mmarekani ajuaye kusoma ambamo jina la Oliver Twist lilikuwa geni. Mji wa New York ulimfanyia dansi kubwa tarehe 14 Februari, watu wapatao 3,000 wakajaa ukumbini. Katika mji wa Hartford alitenga saa mbili kila siku za kupokea wageni hotelini. Wakaja mia mbili na mia tatu kwa siku, wakapita mmoja mmoja mbele ya bwana na bibi huyo wakipeana nao mikono. Alikuwa na koti la manyoya. Wapo walionyofoa manyoya ya koti hilo kwa siri ili wapate kitu cha kuwaonyesha jirani zao.

Huko Philadelphia mambo yalizidi. Mwanasiasa mmoja alimwomba ruhusa ya kumletea watu wachache wapeane naye mikono, Dickens akakubali kwa adabu, kama mgeni yeyote angalivyokubali. Mara gazeti likatangaza kwamba mwandishi atawapokea wananchi kwa saa iliyotajwa. Barabara mbele ya hoteli ikajaa watu. Dickens alipokataa kutokea, alionywa kuwa huenda ghasia ikazuka. Basi akasimama, akatoa mkono, ukashikwa na kutikiswa na mamia ya watu asiowajua, mmoja baada ya mwingine, mpaka bega likachoka. Waliokuja kusoma riwaya yake ya Martin Chuzzlewit miaka iliyofuata walikutana na karamu ya mikono inayofanana sana na hiyo, na hawakuchorwa kwa upole.

Lakini lililomkera zaidi halikuwa bega. Wakati huo sheria ya Marekani haikumlinda mwandishi wa kigeni hata kidogo. Meli ilipoleta kitabu kipya kutoka Uingereza, wachapaji wa New York na Philadelphia walikimbizana kukipiga chapa na kukiuza kwa bei ya chini, pasipo kumwomba mwenyewe idhini wala kumpelekea senti. Hivyo maelfu waliosimama mstarini kumshika Dickens mkono walikuwa wamesoma kazi ambayo mkono huo haukulipwa. Hawakuwa wezi, walinunua kitabu dukani kama mtu mwaminifu anunuavyo. Wengi wao hawakujua fedha zao zilikwenda wapi.

Dickens aliona ni wajibu awaambie. Akasema juu ya haki ya mwandishi katika karamu ya Boston, akarudia huko Hartford, tena kwa maneno ya kiungwana. Magazeti yakamrukia. Yakasema amekuja kuomba fedha, kwamba ni mtu wa tamaa, kwamba kushangiliwa na taifa zima kulipaswa kumtosha. Yafaa ikumbukwe kwamba baadhi ya magazeti hayo yaliishi kwa kuchapisha hadithi za Waingereza bure, kwa hiyo hasira yao ilikuwa na hesabu ndani yake. Sheria ya kuwalinda waandishi wa nje ilipitishwa Marekani mwaka 1891, na wakati huo Dickens alikuwa kaburini miaka 21.

Jambo hili si geni katika miji ya Afrika Mashariki. Kitabu hutolewa nakala kwa mashine na kuuzwa kando ya barabara kwa robo ya bei yake, na riwaya nzima hupitishwa siku hizi kutoka simu moja hadi nyingine. Anayeipokea huweza kuwa mpenzi wa kweli wa mwandishi huyo, akamsifu mbele ya watu, akapanga foleni siku atakapokuja mjini. Upendo wake si wa uongo. Ni kwamba mzazi mwenye mshahara mdogo na watoto watano wa shule hupiga hesabu ya unga kwanza, na mwandishi, ambaye naye ana watoto, hakai machoni pake.

Liko jingine ambalo watu wa mistari ile ya mwaka 1842 hawakulijua. Waliamini wanamfahamu Dickens, maana walikuwa wamelia pamoja na watoto maskini wa vitabu vyake. Hawakujua kuwa mtoto mmojawapo alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka 1824 baba yake alifungwa gerezani London kwa sababu ya madeni, na kijana Charles, mwenye miaka 12, alikuwa akifanya kazi katika ghala la dawa ya viatu. Kazi yake ilikuwa kufunika vikopo kwa karatasi, kuvifunga kamba na kubandika lebo, kutwa nzima, kwa ujira wa shilingi sita kwa juma. Aibu ya jambo hilo aliificha. Wasomaji walilijua baada ya kifo chake, rafiki yake John Forster alipotoa kitabu cha maisha yake. Kwa hiyo mtu aliyefikia mbele ya mstari Hartford au Philadelphia, akapata dakika yake moja, akatazamana na mwandishi uso kwa uso, aliondoka akiwa amejua machache kuliko aliyoyajua kitabuni.

Baada ya mwaka huo ilipita miaka 25, na katikati yake vita vikubwa vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani. Dickens alikuwa amegundua njia ya kupata malipo ambayo mchapaji hakuweza kumnyang'anya. Vitabu viliweza kuigwa, sauti haikuweza. Alikuwa msomaji wa ajabu wa hadithi zake mwenyewe, akibadili sauti na uso kwa kila mtu wa hadithi, na Uingereza watu walijaza kumbi kumsikiliza. Mwezi Novemba 1867 akarudi Boston.

Safari hii mstari ulipangwa kweli kweli mlangoni pa duka la vitabu. Tiketi za Boston ziliuzwa dukani kwa Ticknor na Fields, wachapaji waliokuwa wamekubali kumlipa, tarehe 18 Novemba, siku moja kabla meli yake haijatia nanga. Watu walianza kujipanga usiku, katika baridi, na kulipokucha mstari ulikuwa umenyoosha mkia mbali sana barabarani. Tiketi moja ilikuwa dola mbili. Mkuu wa safari, Mwingereza aitwaye George Dolby, alidhani kazi yake ni kuuza tiketi. Punde akajua kwamba kazi yake ni kupigana na walanguzi.

Hapa foleni ya kitabu inafanana na foleni ya sukari pasipo tofauti yoyote. Penye mstari mrefu na bidhaa chache, mlanguzi hufika kabla ya jogoo. Hao wa Marekani waliajiri vijana wa kuwasimamia mstarini, wakanunua viti vya mbele kwa mafungu, kisha wakaviuza barabarani kwa bei iliyozidi mara nyingi ile ya dirishani. Katika mji wa New York watu wa nyumba moja walipokezana zamu mstarini, baba akaondoka, mtoto akaingia. Watumishi wa hoteli za jirani walivuka barabara mbio wakiwapelekea chai ya asubuhi nje, katika baridi ya Desemba. Walikuwapo waliotoa dola tano, wengine kumi, si kununua tiketi, bali kununua ruhusa ya kubadilishana nafasi na mtu aliye mbele zaidi. Dolby aliwekea mpaka idadi ya tiketi ambazo mtu mmoja aliweza kununua. Walanguzi wakaongeza idadi ya vijana. Akilegeza, magazeti yalimtukana. Akikaza, yalimtukana vile vile, na gazeti moja lilimpachika jina la kichwa cha maandazi. Maskini Dolby! Askari yeyote aliyewahi kulinda mlango wa duka siku ya bidhaa adimu atamwonea huruma.

Kilele kilikuwa Brooklyn, mwanzoni mwa mwaka 1868. Usomaji ungefanywa ndani ya kanisa. Usiku wa kuamkia siku ya kuuza tiketi watu walilala barabarani katika mstari, na wengi wao walikuwa walanguzi na watu wao, kila mmoja amekuja na godoro la majani, mablanketi mawili, mfuko wa mkate na nyama, na chupa ya wiski. Baridi ilipokaza, wakawasha moto mkubwa katikati ya barabara. Barabara ilikuwa nyembamba na nyumba zake za mbao. Polisi wakatoka kuuzima, kama ilivyowapasa, kwa sababu mtaa mzima ungaliweza kuteketea. Hapo ugomvi ukazuka. Na katika vurugu hiyo, watu waliokuwa mkiani, wengine wakitoka damu, waliona nafasi yao imefika: wakakimbilia mlangoni, wakabwaga magodoro yao mahali pa waliosimama kupigana, wakajishikiza kwenye vyuma vya ua, wasing'oke. Asubuhi Dolby alipotokea na gari la farasi akibeba tiketi, umati ulimpokea kwa kelele na dhihaka, wakimtania kwamba bwana wake amemwazima gari.

Hakuna kumbukumbu ya wangapi kati ya hao walikuwa wamesoma hata kitabu kimoja cha Dickens. Yamkini nyuma yao, mbali kabisa, alikuwapo karani wa duka au mwalimu wa shule ya msingi aliyeweka akiba ya dola mbili kwa majuma kadhaa, asiye na godoro wala chupa, aliyefika alfajiri kwa kuwa hakuweza kuacha kazi yake jioni. Mtu huyo ndiye aliyeandikiwa vitabu vile. Mwandishi alikuwa upande wake, Dolby pia, na hata polisi kwa namna yao. Lakini dirisha lilipofunguliwa, tiketi nzuri ziliwahiwa na wenye magodoro. Kosa halikuwa la mpango wa mstari. Nafasi ikishaanza kuuzwa kwa dola tano, mstari si mstari tena, ni soko, na mwenye subira peke yake hana cha kununulia.

Dickens alilipwa safari hii. Alisoma mara 76 toka tarehe 2 Desemba 1867 hadi tarehe 20 Aprili 1868, akarudi kwao na faida ya pauni zipatazo 19,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Lakini malipo hayo yalitoka mwilini. Alishikwa na mafua yasiyopona majira yote ya baridi, akakosa usingizi, mguu ukavimba hata kutembea kukawa shida. Mwishoni hakuweza tena kula chakula. Aliishi kwa kikombe cha maziwa mazito yenye pombe asubuhi, yai lililopigwa ndani ya mvinyo kabla ya kupanda jukwaani, na supu ya nyama kati ya hadithi na hadithi. Kila jioni alipanda, na walioketi mbele yake hawakujua. Alikufa tarehe 9 Juni 1870, akiwa na miaka 58.

Katika majuma hayo ya mwisho, tarehe 30 Machi 1868, alisoma mjini Portland, katika jimbo la Maine. Kulikuwa na mtoto wa kike aitwaye Kate, mwenye miaka 11, ambaye alikuwa amesoma karibu vitabu vyote vya Dickens, vingine mara nyingi. Mama yake alikwenda kusikiliza. Mtoto hakwenda, kwa sababu tiketi zilikuwa ghali mno kwa aila ile. Wazazi wengi wanalijua jambo hilo, na jinsi mlango unavyofungwa taratibu mama anapotoka jioni ya namna hiyo.

Kesho yake mama na mtoto walisafiri kwa treni, na ikawa Dickens yumo ndani ya treni hiyo hiyo. Kate alimtazama kwa mbali kwa muda. Mtu aliyekaa na Dickens alipoondoka kwenda kuvuta tumbako, mtoto akainuka, akapita katikati ya viti, akaketi mahali palipokuwa wazi. Wakazungumza muda mrefu, safari ikienda. Dickens akamwuliza ni vitabu gani amesoma, akataka kujua kama alitamani sana kuja ukumbini jana. Kate akamwambia amevisoma vyote isipokuwa vichache, kisha, kwa ukweli wa mtoto, akaongeza kwamba huruka zile sehemu zinazochosha. Dickens akacheka sana. Akatoa kitabu chake kidogo na kalamu, akamwomba ataje sehemu hizo ni zipi. Mtoto akaanza kutaja, kitabu kwa kitabu, na mwandishi mashuhuri kuliko wote wa wakati wake, mgonjwa, mguu umevimba, akawa anaandika.

Kate Douglas Wiggin alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto alipokua. Habari za safari ile alizichapisha mwaka 1912.